Re: Jenereta ya flaiwili isiyotumia mafuta, ninunue?

Mkuu salama, unauliza kama hiyo jenereta ya mota na flaiwili (gurudumu zito linalozunguka) "inayojizungusha yenyewe" bila mafuta ni ya kweli au changa la macho. Mi fundi umeme, nishaletewa moja nikaifungua, kwenye kitako kumbe kuna betri imefichwa, mteja alibaki kimya tu. Kwanza kabisa mwambie muuzaji ainyanyue juu uone kama kuna waya halafu iwashe jiko la koili la wati 1,000 masaa sita mfululizo, kama ni betri iliyofichwa itaisha, na akianza visingizio ondoka. Kampuni ya Steorn ya Ireland ilijitapa hivyohivyo 2006 kuwa ina mashine ya nishati ya bure, onyesho lao London 2007 likagoma, 2009 jopo la wanasayansi 22 likasema hawajaonyesha nishati yoyote inayozalishwa. Hiyo video ya jenereta uliyoitaja sijaiona, itupie hapa.