Jibu: Mnunuzi wa eBay amenirudishia simu isiyo yangu
Mkuu, salaam. Nimekuelewa: uko Uingereza, umeuza simu nzima eBay (soko la mtandaoni), mnunuzi akadai mbovu, na iliyorudi ni ya aina ileile ila kioo kimepasuka na unaamini si yako. Inauma, na huo ni wizi.

Kwanza kabisa angalia IMEI, namba ya utambulisho ya kila simu. Bonyeza *#06#, linganisha tarakimu 15 na zile za kwenye boksi lako. Ikiwa haiwaki, chomoa kitrei cha laini; baadhi ya simu zimechapwa namba hapo. Zikitofautiana, usirudishe pesa. Lakini usilale pia: una siku 2 za kazi tangu mzigo ufike. Ingia kwenye dai lake la kurudisha simu humo eBay, ripoti umerudishiwa kitu tofauti, weka picha za namba zote mbili na lebo ya kifurushi.

Siwezi kukuahidi ushindi. Mimi nilibadilishiwa kamera hivyohivyo, kilichoniokoa ni picha ya namba yake niliyopiga kabla ya kufunga mzigo.

Usihamie WhatsApp naye, mwandikie humohumo kwenye mfumo. Kumpa alama mbaya ya tathmini kwenye eBay sahau, tangu 2008 muuzaji hawezi kumpa mnunuzi. Mfungie asinunue kwako tena.