Shaba ya ethi kwa bei nafuu

SWALI: Nina redio ya mawimbi mafupi nyumbani. Fimbo za shaba tupu za ethi, yaani za kuchomeka ardhini ili zipeleke umeme udongoni, zimenishinda bei. Nifanyeje? – Msomaji, Jinja

JIBU: Achana nazo. Fimbo ya chuma iliyovikwa shaba, ya mita 2.4, inatosha. Pesa iende kwenye njia ya kutoka redioni hadi kwenye fimbo: iwe fupi, pana, isiyo na kona kali. Kwa wauza skrapu tafuta bomba kuukuu la shaba la milimita 15. Ukilipasua na kulibamiza, unapata utepe wa upana wa karibu sentimita 4.5, na huo ndio njia yako. Nenda na sumaku na kisu. Sumaku ikinasa, ni chuma. Ukikwangua ukaona weupe, ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo udongoni haikai. Dai risiti, maana shaba ya wizi ni nyingi.

Utepe ufunge kwenye fimbo kwa klempu (kibanio) ya shaba. Lehemu pekee huyeyuka radi ikipiga, na kandokando ya Ziwa Viktoria radi haina simile. Kisha unganisha fimbo na ethi ya umeme wa nyumba kwa waya wa milimita 16 za mraba. Zikiachwa mbalimbali, radi hupitia redioni kutoka moja kwenda nyingine.