Ushirika wa nyumba za kupanga: hatimiliki ibaki mikononi mwa ushirika

Ndugu uliyeuliza iwapo chama chenu cha wapangaji wa mtaa wa Umoja kinaweza kujenga nyumba na kuzipangisha kwa wanachama wenyewe, badala ya kununua viwanja nje ya jiji, jibu langu ni kwamba kinaweza. Nalitoa nikiwa nimewahi kushika uweka hazina wa ushirika wa namna hiyo hapa Nairobi.

Desturi iliyozoeleka ni ushirika kununua ekari kadhaa Joska, Kamulu au Kitengela, ardhi ikapimwa na kugawanywa, kisha kila mwanachama akaondoka na hatimiliki yake. Siupuuzi mpango huo, kwa kuwa umewapa wengi ardhi ambayo peke yao wasingeimudu. Hata hivyo, kiwanja kikishagawanywa huuzwa kwa bei ya soko, na mpangaji anayekuja baadaye hapati nafuu yoyote. Sheria nayo haimkingi: Sura ya 296 ya sheria za Kenya, inayodhibiti kodi za nyumba, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho leo hakikupi hata bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja, Umoja.

Katika ushirika wa kupanga, ardhi na jengo ni mali ya ushirika wenyewe. Mwanachama hununua hisa, huingia nyumbani, hulipa kodi inayolingana na gharama, na akihama hurudishiwa hisa zake kwa thamani aliyozinunulia. Kwa mpango wa aina hiyo Uruguay, tangu sheria yake ya nyumba ya 1968, familia nyingi za wafanyakazi zimejijengea mitaa mizima kwa nguvu zao wenyewe, na huko Zurich, Uswisi, wapiga kura waliamua mwaka 2011 kwamba thuluthi ya nyumba za kupanga za jiji ziwe zisizotafuta faida ifikapo 2050.

Kwetu, kodi ilipangwa katika mkutano mkuu wa mwaka, hesabu ikiwa imebandikwa ukutani kila mtu aione: marejesho ya mkopo, ada ya ardhi inayolipwa kaunti, bima, maji, stima ya ngazi na ya taa za nje, mshahara wa mlinzi na wa msafishaji, kisha akiba ya ukarabati. Mama mmoja muuza mboga alisimama akataka kujua kwa nini alipie pampu ambayo bado ni nzima, na swali lake lilistahili majibu, kwa sababu kila shilingi iliyoongezwa ilitoka kwenye meza yake ya sukuma wiki. Pampu ilipoungua, fundi alilipwa kutoka akiba hiyo bila mlango hata mmoja kubishwa kuomba mchango, na mkutano uliofuata ni mama huyohuyo aliyependekeza fungu hilo liongezwe. Ninaamini hapo ndipo penye siri ya nafuu yetu: kodi haikuwa ya chini kila mwezi kuliko ya majirani, ila ilipopanda kila mpangaji alijua imepanda kwa ajili ya nini.

Jaribu kubwa huja mkopo unapokaribia kwisha, dalali anapoanza kutaja bei na baadhi ya wanachama wakapiga hesabu ya mgawo wao. Kwetu walikuwepo waliotaka jengo ligawanywe nyumba mojamoja kwa kutumia Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, na kilichowazuia ni kifungu cha sheria zetu ndogo kilichosema kuwa ardhi haigawanywi, wala haiuzwi ila kwa ridhaa ya robo tatu ya wanachama wote. Mkopo ukishalipwa, kodi ipunguzwe kidogo tu, na ziada iwe mtaji wa jengo la pili kwa ajili ya walio kwenye orodha ya kungoja. Ushirika usiofanya hivyo utabaki na ploti moja milele.

Kuhusu fedha, bei ya ardhi ndiyo kikwazo kikuu, na kununua jengo lililokwisha kujengwa kunaweza kuwa nafuu kuliko kuanza na kiwanja kitupu. Muungano wa kitaifa wa ushirika wa nyumba, NACHU, umekuwepo tangu 1979, kwa hiyo anzieni huko kabla ya kwenda benki. Nami naona ni haki sehemu ya tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, inayokatwa mishahara yetu kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ikopeshwe vyama kama chenu, kwa maana si kila mlipaji ataweza kununua nyumba.

Kisheria mnahitaji watu 10 tu kusajili ushirika. Kabla ya kulipa arubuni ya ardhi yoyote, itisheni mkutano wa kujadili kifungu hicho cha kutogawanya, na anayetaka kiwanja cha jina lake aelezwe mapema, ili ajiunge na ushirika unaogawa viwanja akiwa bado hajaweka pesa zake kwenu.