Unaosha rili kila siku na bado inaliwa na chumvi? Soma hapa kwanza

Nimefanya kazi kwenye boti za uvuvi hapa Watamu misimu mingi sasa, na kitu kinachoniuma kila kaskazi ikiisha ni kuona rili nzuri ya flai (rili ni kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, flai ni chambo bandia chepesi), rili ya bei inayokaribia pikipiki, imekwama kabisa. Na mwenyewe anakwambia, lakini mi naiosha kila siku! Namwamini. Mi pia nilikuwa naosha kila siku na ikaniharibikia mkononi.

Ilikuwa mwezi wa 12, bahari imetulia, sulisuli wako juu. Tukamvuta mmoja na tiza, chambo cha kumshawishi tu kisicho na ndoana, mpaka nyuma ya boti, mgeni na rodi yake ya namba 12, fimbo nzito ya samaki wakubwa, akatupa flai vizuri kabisa, samaki akageuka akaibugia. Ile mbio ya kwanza ya sulisuli mnaijua, mshipi wa flai wote umeisha kabla hujasema kitu na bekingi, ule uzi mrefu wa akiba ulio chini yake, inafuata. Sasa dragi, ile breki ya rili, badala ya kutoa laini ikawa inashika inaachia, inashika inaachia, tak tak tak, alafu lida, kile kipande cha mwisho kinachoshika flai, ikakatika. Mgeni hakunigombeza, alikaa tu anaangalia maji. Na ile rili nilikuwa naiosha mimi.

Jioni nikaifungua mezani. Chini ya spuli, ile sehemu inayozunguka na kubeba mshipi, kulikuwa na unga mweupe, ukiuona utadhani ni chumvi ya jikoni lakini ni mgumu, umeng'ang'ania kwenye alumini na kucha haiutoi. Beringi imekuwa ya kahawia. Nikavuta bekingi mpaka ndani kabisa, karibu na fundo, nikakuta bado ina unyevu, na mara ya mwisho kuvua ilikuwa siku nne nyuma! Nikalamba kidole. Chumvi tupu.

Kwanza maji yenyewe. Pale tulipokuwa tunaoshea tulitumia maji ya kisima, na mtu wa pwani anajua visima vyetu vingi karibu na bahari vina chumvi, jiwe la matumbawe linapitisha bahari ikaingia humo. Kumbe nilikuwa naosha chumvi kwa chumvi. Siku hizi naonja maji kabla, kama yana ladha yoyote natafuta ya mvua au ya bomba, hata lita 5 za kibuyu zinatosha kwa rili moja. Pili, tulikuwa tunairudisha kwenye mfuko wake wa raba ikiwa bado mbichi. Ule mfuko ni wa safari tu jamani, rili mbichi ndani ya mfuko uliofungwa ndani ya boti yenye joto inaoza ikiwa imelala.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Tukifika ufukweni siigusi na maji mara moja, naiacha kivulini ipoe, manake rili iliyo moto ukiimwagia maji ya baridi hewa ya ndani inajikaza na inavuta maji kupitia kwenye sili, ile raba ya kuzuia maji, yanaingia mpaka kwenye dragi. Ikipoa nakaza dragi, namwagia maji polepole na kikombe. Mpira wa kuoshea boti wenye presha hapana, presha ndiyo inayosukuma chumvi mahali ambapo ilikuwa haijafika. Alafu natoa spuli, sabuni kidogo na maji vuguvugu, mswaki laini, nasugua mhimili, mkono wa kuzungushia, na ule mguu wa rili unaokaa kwenye rodi. Hapo kwenye mguu wengi hawapaangalii kwa sababu hawaitoi rili kwenye rodi msimu mzima, na ndipo alumini inapoanza kuvimba. Nakausha na kitambaa, nalegeza dragi yote, naiacha wazi usiku kucha mahali penye upepo lakini si juani. Dragi ikikaa imekazwa miezi, zile diski zinabonyea na ukija kuvua inaanza kwa kushtuka, na kwa samaki mwenye mbio kule kushtuka ndiko kunakokata lida.

Bekingi ndiyo kazi hasa, na ndiyo watu wanairuka. Kila baada ya safari tatu nne naitoa yote, mita 300 na zaidi, nailoweka kwenye ndoo nabadilisha maji mara mbili, alafu naizungusha kwenye minazi miwili pale nyuma ikauke kivulini. Wakati wa kuirudisha naikaza kwa vidole, ikirudi legelege itajizamia yenyewe chini na kukwama siku ya samaki mkubwa.

Mafuta ni kidogo sana. Beringi za kawaida na mkono wa kuzungushia, tone moja la mafuta ya cherehani. Mhimili, grisi nyepesi ya baharini, upake mpaka ung'ae tu basi. Ile beringi inayozunguka upande mmoja usiijaze grisi nzito, vile vigololi virefu vya ndani vitateleza na spuli itazunguka bure huku dragi haishiki. Skrubu za chuma cha pua zilizoingia kwenye alumini nazipaka grisi kidogo kwenye nyuzi zake, hizo chuma mbili zikikutana na maji ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa. Ile spray ya kufungulia nati zilizoganda msiitumie kama mafuta tafadhali, inayeyusha grisi iliyokuwepo, siku mbili tatu rili iko kavu. Ndimu na siki pia mi situmii, asidi inakula alumini.

Kama dragi yako imefungwa na sili usiifungue kwa ujasiri tu, angalia oringi, ile pete ya raba, ikiwa imepasuka au imekauka badilisha, paka grisi ya silikoni, funga. Dragi ya koki (kama ile ya kizibo cha chupa) ni tofauti, koki inataka mafuta yake isikauke ikapasuka.

Na usiku kabla ya safari weka rili sikioni, zungusha spuli polepole kwa kidole, redio imezimwa. Nzima inapita laini tu. Ukisikia mchanga mchanga hata kidogo, chukua bisibisi usiku huo huo, saa 11 asubuhi kwenye boti hakuna nafasi hiyo.