Sebule ya giza na fedha chache

Swali: Bwana Mhariri, tumepanga nyumba ndogo hapa Kadutu, Bukavu. Sebule ina dirisha moja tu, na viti vikubwa tulivyoachiwa na wazazi vimeijaza. Tuanzie wapi ili ipendeze bila gharama kubwa?

Jibu: Mama mpendwa, anza na kuta, kwa sababu hakuna samani itakayopendeza katika chumba chenye giza. Omba ruhusa ya mwenye nyumba, ondoa kwanza unyevu ambao mvua za Bukavu huuleta kwa wingi, kisha upake rangi nyeupe iliyochanganywa na manjano kidogo, na dari iwe nyeupe kabisa ili irudishe mwanga chini. Pazia litundikwe karibu na dari, na fimbo yake ipite kingo za dirisha pande zote mbili, ili likifunguliwa lisizibe mwanga. Kuhusu viti, nakusihi utoe kimoja au viwili, hata kama moyo unasita; vinavyobaki viwekewe mito yenye foronya za kitenge cha aina moja, kwani kipande kizima cha yadi 6 hutosha foronya kadhaa pamoja na kitambaa cha meza. Maua ya plastiki siyashauri, maana hushika vumbi na kupauka, ilhali mmea hai ulioanzishwa kwa kipandikizi kutoka kwa jirani haugharimu kitu.