Maswali ya Wasomaji: Geti la Ngazi kwa Mtoto Anayeanza Kutambaa

Mtoto wetu ana miezi 5 na ameanza kujivuta kwa tumbo. Ngazi yetu ina vidato 14. Tumenunua mageti mawili ya kubana, yale yasiyohitaji kutoboa ukuta, moja la juu na moja la chini. Shemeji anasema la juu tumetupa pesa. Ni kweli?
*Baba wa mtoto mmoja*

Shemeji yuko sahihi. La chini halina neno. La juu lirudisheni dukani au lihamishieni mlango wa jikoni, kisha mnunue la kufunga kwa skrubu.

Geti la kubana linashikwa na msuguano tu: vishikio vinne vya mpira, viwili kila upande, vinavyosukuma ukuta. Mtoto wa kilo 10 akiliegemea na kulitikisa kila siku, mpira unateleza milimita kwa milimita na hakuna anayeona. Likichomoka chini ya ngazi, mtoto anaanguka pale pale aliposimama. Likichomoka juu, geti na mtoto vinateremka pamoja.

Sababu ya pili haiwajii watu mpaka wajikwae. Fremu ya geti la kubana ina umbo la U, kwa hiyo hata mlango ukiwa wazi kuna bomba limelala sakafuni. Fikirieni mtu mzima aliyebeba mtoto usiku, taa zimezimwa, kidole cha mguu kinanasa kwenye bomba hilo na mbele yake ni vidato 14. Geti la skrubu halina kizingiti hicho.

Hilo la juu lifungwe kwenye sakafu ya juu yenyewe, kamwe si kwenye kidato kilicho chini yake, na lifunguke kuelekea sakafuni, lisining'inie juu ya ngazi. Mageti mengi hufunguka pande zote mbili. Kwenye boksi huwa kuna kizuizi kidogo cha plastiki ambacho watu hukiacha wakidhani ni cha akiba. Kazi yake ni kulifanya lifunguke upande mmoja tu. La chini liwe sakafuni mbele ya ngazi, au kwenye ukingo wa mbele wa kidato cha kwanza. Wapo wanaoacha vidato vitatu wazi ili mtoto afanye mazoezi. Sisi hatuwaungi mkono: akifika cha tatu ana geti la kukwea na mahali pa kuangukia.

Muda bado mnao. Watoto wengi hutambaa kati ya miezi 6 na 10, na geti linatakiwa liwe tayari kabla, siyo siku ile anapokutwa kwenye kidato cha nne.

Nimefunga geti la skrubu kwenye ukuta wa tofali za kuchoma uliopigwa plasta. Wiki ya tatu bawaba ya juu imeanza kucheza na vumbi linadondoka. Nikaze zaidi?
*Fundi wa nyumbani*

Usikaze. Kila mzunguko wa bisibisi unazidi kupanua shimo. Umesema bawaba ya juu, na ndivyo huwa: geti likining'inia, bawaba ya chini inasukumwa ukutani ilhali ya juu inavutwa itoke. Ya juu ndiyo hulegea kwanza.

Bila shaka plagi yako, kile kipande cha plastiki kinachotiwa shimoni kishike skrubu, imekaa ndani ya plasta. Plasta huwa na unene wa sentimita 1.5 hadi 2 na haishiki chochote. Plagi ya sentimita 4 iliyoanzia usoni mwa ukuta imeishika tofali kwa sentimita 2 tu. Usijaribu kuliokoa shimo hilo kwa vijiti vya kiberiti na gundi.

Dawa yake ni ubao. Tafuta ubao wa mbao ngumu wenye unene wa sentimita 2.5, upana wa 10, na urefu unaozidi kidogo ule wa geti. Ufunge ukutani kwa skrubu nne, kisha bawaba zishike kwenye ubao. Mashimo mabovu yatabaki nyuma yake, nawe utachagua mahali papya pa kutoboa, angalau sentimita 5 kutoka kwenye kona ya ukuta ili isimeguke. Usitoboe juu wala chini ya swichi au soketi, maana nyaya hupita hapo.

Kwa plagi ya milimita 8 tumia ncha ya drili ya milimita 8. Sasa tazama vumbi: likiwa la kijivu au jeupe ungali kwenye plasta, likigeuka jekundu umeingia kwenye tofali. Hesabu sentimita 5 kuanzia hapo, ongeza 1 ya nafasi. Tofali likiwa na matundu ndani, zima mpigo wa nyundo wa drili utoboe taratibu, la sivyo utavunja kuta zake nyembamba na plagi itazunguka hewani. Puliza vumbi lote litoke, kwani likibaki plagi huteleza. Isukume plagi mpaka ipite plasta. Skrubu ziwe za sentimita 10: ubao 2.5, plasta 2, zinazobaki ndani ya tofali. Kwa skrubu za bawaba zenye unene wa milimita 5, toboa kwanza ubao kwa ncha ya milimita 3, mbao isipasuke.

Weka pimamaji kabla ya kukaza mwisho. Geti lililoinama halijifungi lenyewe. Kisha lifunge komeo, shika ukingo wake wa juu, ulisukume na kulivuta kwa uzito wa mwili. Likitoa hata chembe ya vumbi, rudia. Kumbuka pia kwamba ubao umekula sentimita 2.5 za upana. Hakikisha geti bado linaenea.

Upande mmoja wa ngazi yetu hauna ukuta, ni nguzo ya bomba la chuma. Tulifikiri kulifunga geti kwa kamba za plastiki za kufungia nyaya za umeme.
*Mama wa pacha*

Kwa pacha wawili wanaosukuma kwa pamoja, hapana. Kamba hizo hulegea, na geti huzunguka nguzo. Kuna vibano vya nguzo vinavyouzwa kama nyongeza ya mageti ya skrubu. Pima kipenyo cha bomba kabla ya kununua. Visipopatikana, ubao ule ule tuliomweleza ndugu hapo juu unaweza kushikwa kwenye nguzo kwa bolti tatu za umbo la U, nati zikiwa upande wa nje asikofika mtoto.

Mkiwa hapo, pimeni nafasi kati ya nondo za reli. Za geti lenyewe, kiwango cha Ulaya, EN 1930, hakiruhusu zizidi milimita 65. Reli za nyumba mara nyingi zina nafasi kubwa kuliko hiyo. Kama mwili unapita na kichwa kinakwama, wekeni bamba la plastiki gumu lisilo na pa kukanyagia.

Geti jipya la kubana limefika limepinda. Komeo haligusani na fremu, kuna pengo la vidole viwili.
*Msomaji mwenye hasira*

Halijapinda. Ndivyo linavyoundwa: pengo hujifunga fremu inapobanwa ukutani. Kaza vishikio vya upande mmoja na wa pili kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka komeo likae. Kisha lijaribu kila wiki.

Nimetoa stoo geti la mbao la mikunjo lililotumiwa na wanangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mjukuu anakuja. Bado zima.
*Bibi*

Shikamoo, bibi. Uzima wake hatuutilii shaka, tatizo ni umbo. Likikunjuka huacha nafasi za herufi V juu na za almasi katikati. Mtoto hupitisha kichwa, akishuka shingo inanasa. Lirudishe stoo, au afadhali likawe kuni, asije mwingine akalitoa tena.

Binti yetu ana miaka 2 na ameanza kuweka mguu juu ya geti. Tuongeze la pili juu yake?
*Wazazi wawili*

Msiongeze. Atapanda tu, na sasa ataanguka kutoka juu zaidi. Geti linapofika chini ya robo tatu ya kimo cha mtoto, au akishajua kufungua komeo, muda wake umekwisha. Ng'oeni geti la chini ya ngazi kwanza, mfundisheni kushuka kinyumenyume akishika vidato, mtu mzima akiwa chini yake. La juu ya ngazi libaki kwa usiku mpaka ashuke vizuri akiwa na usingizi machoni. Na ninyi wenyewe acheni kuliruka geti badala ya kulifungua. Mguu huo aliuona kwenu.