Kupima kwa Leza Umbali wa Kitu Kinachokwenda: Maswali Yenu na Majibu

Mashua ninayoipima inakwenda kasi. Je, haitakuwa imeshasogea kabla mwanga haujarudi?

Itakuwa imesogea, lakini kwa kiasi ambacho chombo cha mkononi hakiwezi kukitambua. Mwanga husafiri takribani mita 300,000,000 kwa sekunde, hivyo mpigo wa leza (mwako mfupi wa mwanga ambao chombo hupima muda wake wa kwenda na kurudi) huifikia mashua iliyo umbali wa mita 400 na kurudi katika muda usiotimia mikrosekunde 3, yaani sehemu 3 za milioni za sekunde, ambamo mashua yenye mwendo wa mita 10 kwa sekunde haijasogea hata unene wa unywele. Kinachopotosha ni ucheleweshaji wa chombo chenyewe, kwani kikichukua nusu sekunde kukokotoa na kuonyesha tarakimu, mashua imeshaondoka mita 5 kutoka pale ilipopimwa.

Nikimpima tai anayeruka napata mita 180, kisha 620, kisha 183. Chombo kimeharibika?

Chombo ni kizima. Mwali ndio uliomkosa tai, na hizo mita 620 ni za mlima ulio nyuma yake. Mwali unaotawanyika kwa miliradiani 1.5, yaani unaopanuka sentimita 15 kwa kila mita 100, una upana wa sentimita 27 tu ukifika mita 180, kwa hiyo mkono ukitetemeka kidogo, mwanga unapita pembeni. Washa upimaji wa mfululizo, shikilia kitufe, mfuate tai kwa kugeuza kiwiliwili kizima kuanzia kiunoni, na usisimame tarakimu ya kwanza inapotokea, maana hapo ndipo wengi wanapompoteza. Kisha chukua vipimo vinavyokaribiana na uache kile kilichoruka peke yake. Kama chombo chako kinaruhusu kuchagua kati ya kitu cha karibu na cha mbali, chagua cha karibu. Cha mbali kinafaa pale unapopima kupitia matawi au nyasi.

Naweza kupata mwendo wa gari kwa vipimo viwili?

Unaweza, ila usiviharakishe. Tuseme umepata mita 412, na baada ya sekunde 1 mita 397: mwendo ni mita 15 kwa sekunde, yaani kilomita 54 kwa saa. Lakini kama kila kipimo kinaweza kukosea kwa mita 1, jibu linaweza kupotoka kwa zaidi ya kilomita 7 kwa saa, ilhali ukiacha sekunde 5 kati ya vipimo, kosa hilo hushuka hadi kama kilomita 1.4. Hesabu hii ni sahihi gari linapokujia au kukuacha moja kwa moja. Likipita mbele yako kwa mshazari, utapata sehemu tu ya mwendo wake, na njia yake ikifanya pembe ya digrii 60 na mstari wako wa kulenga, utapata nusu.

Kipima umbali cha mafundi ujenzi kinaweza kufanya kazi hii?

Hapana. Vingi vya aina hiyo hulinganisha awamu (hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake) ya mwanga unaotoka na unaorudi, jambo linalohitaji shabaha itulie kwa muda, na kitu kikisogea huonyesha kosa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mwali wake mwekundu huonekana na unaweza kumtia dereva kiwi cha macho, usiuelekeze kamwe kwenye gari lenye dereva.